Sura ya Saba: Beji ya Bwana Kura

Kabla ya kuonyeshwa mahali pa wizi, Jepleting alikubali chai. Ndivyo alivyofanya kazi tangu astaafu polisi na kufungua ofisi yake mtaani Free Area, Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo: mtu akikuletea kesi, kunywa chai yake kwanza, utamjua. Chai ya Madam Anyango, mwalimu mkuu wa Shule ya Wasichana ya Mlima Pembe, huko Subukia, ilikuwa na maziwa ya kutosha na tangawizi ya kukohoza, na mandazi yalikuja bila kuombwa. Huyu hana la kuficha, Jepleting alijiambia, akachukua andazi la tatu.

"Kesho saa nane Bodi inakaa," Madam Anyango alisema. "Wanataka kumfuta kazi mzee Elphas. Miaka ishirini na minane ametunza maktaba yetu, na amebakisha siku nane tu astaafu. Siku nane, madam! Sasa aende nyumbani Kimilili akiitwa mwizi?"

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi naona kama hajaiba. Lakini kuona si ushahidi. Ndiyo maana nimekupigia simu."

Kilichopotea ni beji. Jumba la shule lilijengwa mwaka 1931 na mlowezi mmoja, Harold Pettigrew, aliyetoka jimbo la Queensland kule Australia. Kabla ya kuja huku kulima kahawa, alikuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la jimbo hilo, tuseme kama Seneti yetu. Wajumbe walipewa beji ya dhahabu. Ukiionyesha kwa treni, unapanda bure. Wazee wa Subukia walimwita Bwana Kura kwa sababu hakuchoka kusema kwamba aliingia bunge lile kwa ajili ya kura moja tu. Kura gani, hakuna aliyejua. Alipokufa aliachia shule jumba lake, vitabu vyake na beji yake, na Jumamosi ya wiki inayofuata kitukuu wake, Ruth Pettigrew, alikuwa anakuja kwa sherehe ya shule.

"Na tutamwonyesha nini?" Madam Anyango aliuliza. "Shimo kwenye kabati?"

*

Maktaba ilinukia vitabu vya zamani na limau. Elphas Khaemba alikuwa amevaa tai, kana kwamba amekuja kuhojiwa kazi badala ya kuhojiwa wizi. Alimvutia mgeni kiti, akafungua kabati la vioo kwa ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni mwake.

"Ufunguo ni huu mmoja tu?"

"Mmoja tu, mama. Nalala nao. Hiyo ndiyo shida yangu. Zingekuwa mbili, ningekuwa na mtu wa kushuku."

Jepleting alicheka. Alimpenda palepale, na hilo lilimsumbua kidogo, kwani alishawahi kupenda wezi. Akainama kabatini. Ndani mlikuwa na ubao uliovikwa mahameli nyekundu, na juu yake kadi iliyopigwa taipu: *Beji ya dhahabu. Mheshimiwa H. Pettigrew, Mjumbe wa Baraza la Juu, 1920–1931.* Chini ya kadi palikuwa na duara lisilopauka, na vipande viwili vya waya vilivyokatwa.

"Ilishonwa kwa waya?"

"Tangu mwanzo. Mzee aliyenitangulia aliniambia: panguza uso, usiitoe. Sijawahi kuitoa. Kila Ijumaa naipanguza hapohapo, naandika rejista."

"Unapanguza na nini?"

"Limau na majivu. Inang'aa!" Alisema kwa fahari, akavuta droo. Humo mlikuwa na nusu limau, kopo la majivu, na kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Sasa kilikuwa na mabaka ya kijani.

Jepleting alikishika kitambaa akakipeleka dirishani. Akarudi kutazama tena lile duara kwenye mahameli. Ukingoni pia palikuwa na kijani, chembamba kama uzi. Aliuliza tu Ijumaa iliyopita ilikuwaje.

"Ilikuwepo. Nikapanguza saa tano, nikafunga. Jumamosi alasiri na Jumapili maktaba hufungwa, ufunguo wa mlango ukikaa ofisini. Jumatatu asubuhi nikapata waya umekatwa. Nikakimbia mwenyewe kumwambia Madam."

"Na kufuli?"

"Haijaguswa. Ndiyo wanasema ni mimi."

"Hebu nisaidie kulivuta hili kabati kutoka ukutani."

Lilikuwa zito kama ng'ombe aliyekataa kuvuka barabara. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma. Nyuma yake palikuwa na ubao uliokazwa kwa skrubu nne, umepakwa rangi ya kahawia pamoja na skrubu zake. Lakini kwenye vichwa vya skrubu zote nne rangi ilikwanguka, na chuma kikang'aa. Chini, sakafuni, palikuwa na vumbi la rangi ileile.

"Mzee Elphas, mwizi hakuhitaji ufunguo wako. Alihitaji bisibisi na nguvu za kusukuma."

Elphas aliketi. Miaka yote hiyo alikuwa akikagua kufuli kila jioni, akisahau kabisa kwamba kabati lina mgongo.

Jepleting alikuwa akiandika daftarini upepo ulipotaka kumpeperushia karatasi. Elphas alimsogezea kitu cha kukandamizia, gurudumu dogo la treni la shaba, zito, lililotengenezwa vizuri mno.

"Hiki kizuri. Umenunua wapi?"

"Cha babu yangu. Alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba kwenye karakana ya reli, Nakuru. Ndiye alituleta huku kutoka Kimilili, nchi ya Wabukusu. Geuza uone."

Chini palikuwa na alama ndogo iliyochongwa: mistari mitatu iliyokutana, mfano wa unyayo wa kuku.

"Hiyo ndiyo saini yake. Alikuwa akisema, mwenye mali huandika jina lake juu, fundi huandika lake chini."

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyekiti wa Bodi, Bwana Kipyegon, mkulima wa kahawa, mrefu, kofia mkononi.

"Chamgei, Madam Jepleting," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei mising, Mwenyekiti."

"Nasikia unachunguza. Vizuri. Lakini sisi tayari tunajua." Hakumtazama Elphas. "Jumatatu hiyohiyo mchana, huyu alienda Nakuru na kifurushi. Nilimwona kwa macho yangu akiingia kwa sonara. Sasa mtunza vitabu anatafuta nini kwa sonara?"

"Mzee Elphas?"

Elphas alitazama viatu vyake. "Ni mambo yangu ya nyumbani. Siwezi kusema."

"Unaona?" Kipyegon aligeuza kofia mikononi, mara moja, mara mbili. "Inaniuma, madam. Kitu cha gramu thelathini na moja tu, na tazama aibu inayotuletea."

Akaaga, akatoka. Jepleting aliandika mstari mmoja daftarini, akaupigia mstari chini yake, akafunga kalamu.

*

Saa tano asubuhi ya Subukia ni saa kumi na mbili jioni kule Queensland. Jepleting alimtumia Ruth Pettigrew ujumbe kwa simu kwa Kiingereza chake cha polisi, akiuliza jambo moja: Harold alikuwa na beji ngapi? Kisha akawasha pikapu yake na kuteremka Nakuru.

Duka la sonara lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, jembamba, na mwenyewe aliitwa Thuo. Alikuwa na kioo cha kukuzia kilichobandikwa juu ya paji la uso, akasahau kukiondoa alipoinuka.

"Sasa, mathe. Tukuuzie nini? Pete? Mzee anakuja lini na mahari?"

"Mzee wangu alishalipa, miaka thelathini iliyopita, na bado nadai ng'ombe mmoja. Nataka habari." Akamwonyesha picha ya Elphas. "Jumatatu alikuja na nini?"

Thuo alikunja uso. "Siri ya mteja, madam."

"Siri yako inamfukuzisha kazi kesho saa nane."

Thuo aliitazama picha tena, akapumua. "Huyo mzee alileta pete ya mke wake. Ilikatika miaka mingi iliyopita na mama hakuwahi kulalamika. Anataka airudishe imeunganishwa siku ya kustaafu, mama asijue hadi siku hiyo. Iko hapa." Akafungua kisanduku. Pete nyembamba, imetengenezwa vizuri. "Aliniapisha nisimwambie mtu. Anasema Subukia hakuna siri. Ukikohoa asubuhi, mchana unaletewa dawa."

Jepleting alijikuta akitabasamu peke yake. Kumbe ndiyo hayo mambo ya nyumbani! Mwanamume yuko tayari kuitwa mwizi ili asimharibie mke wake furaha ya siku moja.

"Hakukuletea beji?"

"Yule? Hapana. Wa beji alikuwa mwingine."

Jepleting aliweka mfuko wake chini polepole. "Mwingine nani?"

"Jina hakutoa. Mzee mrefu, kofia. Alikuja Jumamosi jioni nikikaribia kufunga, beji iko ndani ya kale kagunia kadogo ka kupimia kahawa. Anataka kujua ni dhahabu ya kiwango gani. Nikakwaruza, nikatia dawa. Nikamwambia, boss, hii ni shaba. Akasema sijui kazi. Jumatatu akarudi nipime tena mbele yake. Nikapima tena. Shaba tupu! Gramu thelathini na moja za shaba. Alikaa hapo kwa hiyo stuli nusu saa. Nilimpa maji."

"Na huyu mzee wa pete aliingia wakati gani?"

"Wakati huohuo. Yule wa kofia alimwona akiingia, akajificha nyuma ya hii kabati yangu kama mtoto aliyeiba sukari. Nikasema haya, wazee wana mambo yao."

Jepleting alinunua hereni za bei ndogo, kwa heshima ya kazi nzuri. Alipokuwa akirudi kwenye gari, simu ililia. Ruth Pettigrew alikuwa ametuma sauti, dakika nne nzima, na picha ya karatasi ya zamani. Jepleting alisikiliza akiwa ameegemea pikapu, akarudia, akacheka hadi muuza ndizi aliyekuwa karibu akauliza kama yuko sawa.

"Niko sawa kabisa," Jepleting alimwambia. "Nipe mkungu wa shilingi mia mbili."

*

Ijumaa asubuhi alimkuta Kipyegon shambani kwake, akigeuza kahawa kwenye meza za kukaushia. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya bonde, na harufu ya kahawa mbichi ilikuwa tamu. Jepleting alijitwalia pembe moja ya meza, naye akaanza kugeuza punje kwa mikono yake.

"Ulijuaje ni gramu thelathini na moja, Mwenyekiti?"

Mikono ya mzee ilisimama.

"Beji ilishonwa ubaoni tangu mwanzo," Jepleting aliendelea, bado akigeuza. "Hakuna aliyewahi kuitoa, sembuse kuipima. Elphas hajui uzito wake. Madam Anyango hajui. Anayejua ni Thuo, na aliyekuwa amejificha nyuma ya kabati la Thuo."

Kipyegon alivua kofia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alionekana mzee ghafla.

"Nilitaka kusema kwenye hotuba," alisema. "Wageni wanakuja, nilitaka kusimama niwaambie, shule yetu inamiliki dhahabu ya kiwango fulani. Basi tu. Niende nipime, nirudishe Jumapili kabla ya mtu kujua. Nani angenikubalia nikiomba? Wangesema Mwenyekiti anataka kuuza. Sasa yule kijana anasema shaba! Madam, nikirudisha shaba, watu watasema nini? Watasema Kipyegon alikula dhahabu akaweka shaba. Hadi wajukuu wangu wataimbiwa."

"Ukaona afadhali waseme Elphas."

Mzee aliinamisha kichwa. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na Jepleting akaangalia kando, kumpa nafasi.

"Sikiliza," alisema baadaye. "Hakuna aliyekula dhahabu. Dhahabu haifanyi kijani, Mwenyekiti, na haiombi limau. Kitambaa cha Elphas ni kijani tupu, na kwenye rejista nimeona mstari wa mwaka 1968: 'nimetoa ukijani.' Ile beji imekuwa shaba tangu ilipoingia kabatini. Na kadi inadanganya. Bwana Kura hakuwa mjumbe hadi 1931; huo ni mwaka alipojenga nyumba, mtu alikosea. Lile baraza lilifungwa Machi 1922."

"Lilifungwa? Bunge linafungwaje?"

"Hapo ndipo nilicheka. Serikali ya kule ilitaka kulifuta baraza la juu, nalo likakataa kujifuta. Basi wakateua wajumbe wapya walioahidi jambo moja: wakiingia, wapige kura ya kulifunga. Bwana Kura alikuwa mmoja wao. Siku ilipofika alisimama mbele ya wenzake, akapiga kura ya kujinyang'anya kiti. Ndiyo ile kura yake moja! Baraza likafa, akarudisha beji ya dhahabu. Stakabadhi iko kwa familia yake, nimetumiwa picha. Alipofika huku alikuwa hana kitu cha kuonyesha, akatengenezewa nyingine ya shaba, ya kumbukumbu tu."

Kipyegon aliinua kichwa. Ungedhani ametuliwa gunia mgongoni. "Kwa hiyo mimi sina..."

"Wizi wa dhahabu, huna. Lakini deni la Elphas, unalo." Jepleting alipangusa mikono. "Ripoti yangu iko kwenye mfuko. Naweza kuisoma saa nane. Ila yule mzungu alisimama mbele ya watu akapoteza kiti chake, na wazee wenu walimpa jina zuri kwa hilo. Wewe unaombwa kupoteza heshima kidogo tu. Saa ngapi sasa?"

"Saa nne."

"Uko na masaa manne."

*

Saa nane walikuwa saba kuzunguka meza ya maktaba. Elphas alisimama kando ya kabati lake, na tai ileile. Jepleting aliketi mlangoni, ripoti magotini, na kwa mara ya kwanza tangu aje Subukia chai yake ilikuwa inapoa bila kuguswa. Alikuwa amekosea kuhusu watu mara nyingi.

Katibu alisoma ajenda. Akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuamua juu ya mtunza maktaba.

Nje wasichana walikuwa wakicheza mpira wa wavu. Jepleting akaanza kufungua bahasha.

Kiti kikakwaruza sakafu. Mwenyekiti Kipyegon alisimama, kofia mkononi, akatia mkono mfukoni, akatoa kigunia cha kupimia kahawa na kuiweka beji mezani.

"Ni mimi," alisema. "Nilifungua kabati kwa nyuma. Nikaogopa midomo ya watu, nikamwacha huyu mzee abebe mzigo wangu. Mzee Elphas, nisamehe. Na hiki kiti, Bodi itafute mwingine wa kukikalia."

Madam Anyango alishika mdomo. Wengine walitazamana. Elphas akaondoka kwenye kabati lake na kwenda kumpa mwenyekiti mkono.

"Yameisha," Elphas alisema. "Lakini ungeniuliza mimi, Mwenyekiti. Ningekusaidia kusukuma kabati. Ni zito."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi uwanjani. Hata Kipyegon alicheka huku machozi yakimtoka. Ndipo Elphas akaichukua beji mezani kuona kama imeumia. Aliupitishia uso wa beji kidole, uso alioujua kila herufi. Halafu, kwa kuwa sasa hakuna waya wa kumzuia, akaigeuza.

Alibaki hivyo. Jepleting aliinuka akaenda karibu, na wengine wakamfuata.

Mgongoni mwa beji, mahali ambapo hapakuwahi kuguswa na limau wala majivu, palikuwa na mistari mitatu iliyokutana kama unyayo wa kuku.

Elphas alinyoosha mkono, akachukua lile gurudumu la treni, akaligeuza pia, akaviweka viwili hivyo kando kwa kando mezani. Hakuna aliyehitaji kioo cha kukuzia.

"Babu," alisema.

Alitoa kitambaa mfukoni ili afute macho, akakosea, akaanza kuifuta beji.